Turubai Halikufungwa

Kwa miaka minne Dk. Hellen Kashindye aliwauliza watu wa vijiji vya kandokando ya ziwa swali moja ambalo halikumtisha mtu: siku ile ya msiba, turubai lilifungwa au halikufungwa? Hakuuliza nani alijiua. Mwanzoni aliwahi kuuliza hivyo, akajibiwa malaria, presha, tumbo, kurogwa, na akina mama wawili wakamfungia mlango. Rejesta za vijiji nazo zilisema hayo hayo. Lakini katika vijiji vile aliyejiua huzikwa siku hiyo hiyo, watu hawalali matangani, na turubai la kikundi cha kuzikana halitoki stoo. Hilo kila mtu analikumbuka, na hakuna anayeona aibu kulitaja, maana ni habari ya turubai tu. Ukishajibiwa "halikufungwa" unanyamaza, unasubiri, na mama mwenyewe ataendelea.

Kwa njia hiyo alipata familia thelathini na moja mahali ambapo rejesta zilionyesha mbili. Hesabu hiyo ndiyo iliyomfikisha mbali kuliko alivyotegemea. Shirika moja la nje lilikuwa likitoa ufadhili wa miaka mitano kwa watafiti wa mambo ya kujiua na kujidhuru walio katikati ya kazi, yaani wale ambao hawajapitisha miaka kumi na miwili tangu wamalize shahada ya uzamivu. Hellen alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano, na miaka yake kumi na miwili ilikuwa inakwisha Agosti. Baada ya hapo angehesabiwa mkongwe na kutupwa kwenye fungu la maprofesa, ambako mtu asiye na jina haendi hata kujaribu.

Jumatatu asubuhi Ishrat, mkuu wa ofisi ya utafiti chuoni, alimwita. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, wa familia ya wauza vitambaa wa Nyamagana tangu enzi za babu yake, na chuo kizima kilimwogopa kwa sababu alisoma kila karatasi aliyoletewa.

"Mmebaki sita," alisema. "Watachukua watatu. Kaa kwanza, usifurahi umesimama."

Hellen akakaa.

"Wanataka ridhaa za familia zote thelathini na moja, zenye saini. Mwisho Ijumaa saa sita mchana. Mfumo ukifunga umefunga, hata mimi siwezi kuufungua." Akalisukuma faili mezani. "Nimehesabu mara mbili, ziko thelathini. Fomu ya kumi na tisa ina majibu lakini haina ridhaa. Halafu aliyehoji na aliyejibu wana mwandiko mmoja."

"Dada Ishrat, tukiitoa? Tukapeleka thelathini?"

"Maombi yako yanasema thelathini na moja, ukurasa baada ya ukurasa. Hatua hii huruhusiwi kubadili namba. Ikipungua moja, maombi hayajakamilika." Akavua miwani. "Huyu P.K. ni nani?"

"Nitaileta ridhaa," Hellen alisema, akalichukua faili lake na kutoka.

P.K. alikuwa Pius Kashindye, mdogo wake wa mwisho, aliyekufa miaka kumi na mitatu iliyopita akiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Wakati huo Hellen alikuwa Dar akimalizia kuandika tasnifu. Alipofika kijijini siku ya pili kwa basi, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na ua umeshafagiwa. Alimuuliza mama yao, naye akasema tumbo. Hakuuliza tena. Mama alipoanza kupoteza macho walimleta Mwanza kukaa nao, na katika nyumba ile ya kupanga ya Mkuyuni Pius alibaki kuwa mtu aliyekufa kwa tumbo, hata kwa Teodora, binti ya Hellen, aliyekulia katika maneno hayo.

Ukurasa wa kwanza wa mwongozo ambao Hellen aliwakaririsha wasaidizi wake ulikuwa na kanuni yake mwenyewe: anayejibu ni yule aliyekalia msiba, wala mtu mwingine asijibu kwa niaba yake, hata kama mtu huyo ni daktari. Kanuni hiyo aliivunja mchana mmoja ofisini, peke yake, kwa dakika kumi. Alijaza fomu ya kumi na tisa kwa mkono wake kwa sababu alitaka Pius ahesabiwe. Hakuwa na sababu nyingine, na ile moja ilimuuma kiasi kwamba hakuona kosa.

*

Mumewe Paulo alikuwa na kibanda cha spea za bodaboda sokoni Mkuyuni. Jioni hiyo alisikiliza habari yote huku akifuta grisi kwenye vidole, akaona tatizo halipo.

"Si usaini wewe? Wewe si dada yake?"

"Anasaini aliyekalia msiba."

"Hiyo sheria kaiweka nani?"

"Mimi."

Paulo akacheka bila furaha. "Wenzako wanasoma samaki, wanasoma malaria, wanajenga. Wewe umechagua hili, sawa, nimekubali. Ndugu zangu wamesema utaniletea mikosi, nimewanyamazisha. Sasa hili lenyewe linataka kutulipa, unalikatalia mlangoni." Nyumba yao ya Buhongwa ilikuwa imesimama kwenye lenta mwaka wa tatu huu. Mvua zote zilinyeshea ndani, na fundi alikuwa ameacha kupokea simu zao. "Basi muombe mama asaini. Ni maneno mawili."

"Nitamwambiaje?"

Hilo Paulo hakulijua. Katika chumba cha pili mama yake Hellen, Bi Dorotea, alikuwa anachambua mchele kwa vidole, akisikiliza redio ya kanisa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mtoto wa jicho pande zote mbili, ambaye watoto wake hawakuwahi kumwona akilia.

Jumanne mchana Hellen alirudi nyumbani kati ya vipindi akiwa amedhamiria kuzungumza naye. Mama alikuwa amejilaza. Hellen akaketi mezani na ile fomu, akaanza kupanga maneno, na maneno hayakupangika. Ufadhili ule ulikuwa na mishahara ya wauguzi wawili wa kuzunguka mwambao, kuwatembelea waliojidhuru wakapona kisha wakarudishwa katika nyumba zile zile bila mtu wa kuwajulia hali. Kila mwezi alikutana na wengine waliorudi tena wodini. Msichana mmoja alimwambia, dada, tangu nitoke hospitali hakuna aliyeniuliza kitu, wananipa chakula na kuondoka. Aliwaza wauguzi hao, akaiwaza lenta, na mkono wake ukaandika herufi D mahali pa saini. Saini ya mama yake aliijua vizuri. Akiwa kidato cha pili aliiandika kwenye ripoti zake mwenyewe.

Hakuendelea na herufi ya pili. Alisikia mama akikohoa chumbani, akaifunika karatasi kwa kitabu, akatoka mbio kwenda kufundisha akiwa na jasho la mwizi.

*

Jumatano alasiri aliporudi alimkuta mama ameketi kwenye mkeka, fomu iko mapajani. Teodora alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule, macho mekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapa." Bi Dorotea aliipapasa karatasi kama anatafuta mahali ilipochanika. "Nilikuwa natafuta kitabu changu cha nyimbo, nikaokota hii. Nikamwambia mjukuu wangu anisomee."

Hellen akaketi chini.

"Amesoma, P.K., mwanaume, miaka ishirini na sita. Amesoma, turubai halikufungwa. Amesoma, aliyejibu ni dada. Halafu akaniambia, bibi, hapa chini kuna herufi D, basi. Mimi mwaka huu sijashika kalamu."

"Nisamehe mama."

"Ulikuwa unasaini ripoti zako ukiwa kidato cha pili. Nilijua. Nikanyamaza kwa sababu ulikuwa unafaulu." Akageuza uso kuelekea sauti ya bintiye ilikotoka. "Sasa nikuulize. Nani kakwambia turubai halikufungwa? Hukuwapo."

"Nilikuta ua umefagiwa. Sikuona hata shimo la nguzo."

"Basi hukukalia msiba. Umejibuje?"

Kanuni yake ilikuwa imerudi kwake kupitia kinywa cha mtu ambaye hakuwahi kuisoma.

Teodora akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, kwa hiyo mjomba hakuumwa tumbo?"

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo juu ya mawe. Bi Dorotea alingoja hadi mburuzo ule ukaisha.

"Hakuumwa tumbo," alisema. "Kaa hapo kwa mama yako, usisimame mlangoni." Kisha akamwambia Hellen, "Chukua kalamu. Niulize kama ulivyowauliza wenzangu. Usiruke kitu."

Hellen aliuliza jina, umri, kijiji, uhusiano na marehemu. Mama alijibu kila kimoja kama yuko mbele ya hakimu. Ndipo wakafika kwenye swali lenyewe.

"Siku ya msiba, turubai lilifungwa au halikufungwa?"

"Halikufungwa."

Hellen akanyamaza. Ndivyo alivyowafundisha wasaidizi wake, na mara nyingi alijisifu kwamba anajua kunyamaza. Safari hii alinyamaza huku ameuma mdomo.

"Turubai lilikuwa linalala kwetu, unalikumbuka," mama alisema. "Kwenye stoo ya mahindi, pamoja na masufuria ya kikundi. Ufunguo nilikuwa naufunga kwenye pindo la kanga. Mwaka mmoja na nusu kabla ya Pius, Jonathan, mtoto wa Bernadeta, alifanya jambo lile. Bernadeta akaja kwangu asubuhi, hana hata viatu. Akasema Dorotea, nipe turubai, jua litawaua watu. Nikamwambia sheria ya kikundi unaijua, tuliitunga wote. Akasema naijua, lakini ufunguo si unao wewe. Nikamwambia siwezi. Akaondoka. Sikumsindikiza hata mpaka kwenye njia."

Bernadeta alikuwa fomu ya nne. Alihojiwa na msaidizi, kwa sababu Hellen hakutaka kuhoji watu wa kijiji chake. Fomu ilisema turubai halikufungwa. Haikusema nani alikataa. Katika fomu zote thelathini na moja hapakuwa na mahali pa kuandika hilo, maana yeye aliyezitunga alikuwa amelala utoto wake wote ukuta mmoja na lile turubai, na hakuwahi kufikiri kwamba mwenye ufunguo naye huamua.

"Na siku ya Pius?" Hellen aliuliza, ingawa kwa kanuni zake hakutakiwa kuuliza.

"Siku ya Pius lilikuwa mle mle. Hatua kumi kutoka mwili ulipolala. Wanaume wa kikundi waliniambia, mama, ukitaka toa, sisi hatutasema kitu. Nikautoa ufunguo kwenye pindo. Nikatoka nje nao. Nikamwona Bernadeta amekaa chini ya ukuta wangu, ananitazama. Hasemi kitu. Ananitazama tu." Bi Dorotea alikuwa anaikunja karatasi na kuikunjua. "Ningelitoaje? Nikaufunga ufunguo tena. Mwanangu akazikwa juani kama mbwa, na aliyemnyima ni mimi mwenyewe."

Hapo Hellen alilia. Teodora alimshika bibi yake mkono, na bibi akauacha ushikwe.

"Sasa saini, mama," Hellen alisema baadaye. "Kama unaridhia."

"Nimeridhia. Lakini sisaini. Nipeleke kwanza kwa Bernadeta."

*

Alhamisi Hellen aliomba ruhusa ya siku moja. Mkuu wa idara alimjibu mbele ya wahadhiri wenzake kwamba zamu ya kusimamia mitihani ni yake. "Ukishapata hela za wazungu utatuaga vizuri," alisema, "kwa leo wewe bado ni wetu." Wenzake wakacheka. Hellen alikaa saa sita nzima akitazama vijana wakiandika.

Jioni Paulo alijaribu bahati yake. Alimwamkia mama mkwe wake, akachuchumaa kando ya mkeka kwa adabu zote.

"Mama, usaini leo hapa hapa, tutume, halafu Jumamosi nitakupeleka mwenyewe kwa huyo mama ukazungumze naye kwa nafasi. Si itakuwa vizuri zaidi?"

"Paulo mwanangu, unafikiri vizuri," Bi Dorotea alimjibu. "Ila nikisaini kwanza, nitakwenda kuomba msamaha nikiwa nimeshalipwa."

Paulo akainuka, akamwambia mkewe jikoni kwamba yeye amemaliza. Lakini usiku huo huo alimtafuta rafiki yake mwenye gari ya kubeba mizigo, inayokwenda upande ule alfajiri, akawaombea viti viwili vya mbele.

Ishrat alikuwa amekubali picha ya simu. Hellen alipiga hesabu: saa tatu wamefika, saa nne wamezungumza, saa tano picha imekwenda. Hata nusu saa ya kulia aliiweka humo.

*

Ijumaa asubuhi Bernadeta walimkuta anaanika udaga wa muhogo juu ya jiwe pana lililo kando ya nyumba. Alikuwa mfupi, mwenye umri wa Dorotea, macho yake yakiwa bado mazima. Aliwaona tangu mbali wakipanda njia, mmoja akimwongoza mwenzake, na hakuacha kuanika.

"Mwangaluka mayu," Bi Dorotea alisalimia kwa Kisukuma, akipiga goti kidogo.

"Mwangaluka."

"Ni mimi, Dorotea."

"Nakuona."

"Nimekuja kwa ajili ya Jonathan."

Bernadeta akatandaza kipande kingine cha muhogo. "Jonathan ana zaidi ya miaka kumi na minne pale chini. Ungeweza kuja siku yoyote." Akawatazama kwa zamu. "Haya, kaeni."

Hellen alimwongoza mama kuelekea kivuli cha ukuta. Sauti ikawafuata: "Si hapo. Hapo katikati."

Katikati ya ua hapakuwa na kitu, ardhi ngumu tu iliyofagiwa.

"Mimi nilikaa hapo," Bernadeta alisema. "Siku tatu baada ya kuzika, peke yangu. Jua ni hili hili."

Bi Dorotea akaketi chini bila kutafuta mahali palipo safi, akanyoosha miguu. Hellen akaketi kando yake. Bernadeta akarudi kwenye udaga wake, alipomaliza akachota maji, akaosha vyombo, akawatupia kuku makapi. Alipita mbele yao mara nyingi na hakuwasemesha. Saa nne ikapita. Hellen alitoa kanga ya pili mkobani, akaitandaza juu ya kichwa cha mama yake kwa mikono miwili.

"Shusha hiyo mikono," Bernadeta alisema kutoka mlangoni. "Mimi sikuwa na wa kunishikia."

"Shusha," Bi Dorotea akasema.

Saa tano Hellen aliinama sikioni mwa mama. Fomu ilikuwa mkobani, kalamu ilikuwa mkobani.

"Mama, saini tu. Umeshafika. Umeshasema."

"Nimesema nini? Nimesema nimekuja. Bado."

Jua la ziwani saa hiyo halina huruma. Maji yalikuwa yanaonekana chini kule, meupe, na upepo wake haukupanda hadi uani. Shingo ya Bi Dorotea ilikuwa inatetemeka. Hellen aliogopa kwamba mama yake atazimia, na akaogopa, kwa aibu kubwa, kwamba atazimia kabla ya kusaini.

Simu iliita. Alikuwa Ishrat.

"Hellen, zimebaki dakika tano."

"Hajasaini."

"Yuko karibu na wewe?"

"Yuko hapa. Bega lake linanigusa."

"Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Hapo mimi siwezi kukwambia la kufanya," Ishrat alisema.

"Najua, dada."

Hakuna aliyekata. Hellen alimsikia akipumua, akasikia na feni ya ofisini kwake. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mkoba, umeshika kalamu, na ile D ilikuwa tayari, ilibaki kuunganishwa tu. Hakuitoa.

"Imefunga," Ishrat alisema. Kisha, kwa sauti ambayo Hellen hakuwahi kuisikia kwake, "Mrudishe mama nyumbani, mdogo wangu. Tutaonana Jumatatu."

Hellen aliiweka simu chini. Aliwaza wauguzi wawili ambao sasa hawatakuwapo. Akamwaza yule msichana wa wodini anayepewa chakula na kuachwa. Akaiwaza Agosti, ambayo haikuwa na maana tena. Akalia bila kujifunika, machozi na jasho pamoja.

Bernadeta alikuja hadi karibu yao. "Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Ni kazi yangu. Kulikuwa na fedha zilizotegemea saini ya mama kabla ya saa sita. Zimekwenda."

"Na kalamu mnayo, lakini hakusaini?"

"Tunayo."

Bernadeta akamtazama Dorotea muda mrefu. Halafu akaingia ndani, akatoka na kopo la maji, akampa mkononi na kumshikia hadi alipomaliza. Naye akaketi chini, pale pale juani, akakunja miguu.

"Nilikukatalia," Bi Dorotea alisema. "Ulikuja bila viatu, nikakukatalia, nikakuacha uondoke peke yako. Jonathan nilimbeba mgongoni ulipokuwa unaumwa. Sina la kujitetea."

"Na mimi nilikuwapo tulipotunga ile sheria," Bernadeta alisema. "Nilinyoosha mkono kama wewe. Hilo ndilo lililoniuma zaidi." Akaokota kijiti, akakivunja. "Ila kuna jambo nimelikalia. Siku ya Pius, ulipotoka na ufunguo, uliniona?"

"Nilikuona. Umekaa chini ya ukuta wangu unanitazama. Nikasema moyoni, leo amekuja kunicheka. Ana haki."

"Nilikuja na nguzo."

Bi Dorotea akageuza kichwa.

"Nguzo mbili za mkaratusi. Niliposikia tu asubuhi, nilizikata hapa kwenye ua wangu, nikazibeba mwenyewe begani. Nikaziegemeza mlangoni pa stoo yako. Nilikuwa nakusubiri utoe turubai, tulifunge. Nikakuona unafunga ufunguo kwenye kanga, unarudi ndani. Nikakaa mpaka mlipotoka makaburini. Nikasema, mimi amenikatalia, sasa hata nguzo zangu hazitaki."

"Niliziona," Bi Dorotea alisema polepole. "Nilizikuta pale jioni. Nilidhani mtu ameleta kuni. Nilizikata, Bernadeta. Nilizipikia."

Ndipo Hellen akamwona mama yake akilia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakulia kwa sauti. Alifungua mdomo na hakuufunga, na Bernadeta akamvuta kichwa akakiweka begani, akatazama kando, hasira yake bado iko usoni.

Baada ya muda Bi Dorotea alijifuta kwa pindo la kanga. "Lete hiyo karatasi."

"Mama, haina kazi tena."

"Nimekwambia lete."

Hellen akaitoa, akaiweka juu ya mkoba, akakiweka kidole cha mama mahali penyewe. Bi Dorotea akapapasa hadi akaihisi alama ya kalamu, akaikata ile D kwa mistari miwili. Chini yake akaandika jina lake lote, herufi kubwa zilizopanda na kushuka. Ilimchukua muda.

"Na kwangu alikuja msichana na karatasi kama hiyo," Bernadeta alisema. "Akaniuliza turubai, nikamjibu. Nilidhani ataniuliza nani alikataa. Hakuniuliza."

"Swali hilo halikuwamo," Hellen alisema. "Mimi ndiye sikuliweka."

"Liweke."

"Sijui nitakuja lini tena, mama. Fedha ndiyo hizo zimekwenda."

"Leo umekuja kwa fedha za nani?"

Hellen aliigeuza fomu ya kumi na tisa upande wa nyuma, ulio mtupu, akaandika kwa mkono: nani alikataa? Akalisoma kwa sauti.

"Mimi," Bi Dorotea alisema. "Andika Dorotea."

Akaandika.

"Andika na nguzo," Bernadeta alisema.

Hellen akainua macho.

"Zilikuwapo. Mbili. Andika na nani alizileta."

Akaandika na hilo, huku jasho likidondoka kwenye wino. Bernadeta akainuka kwa kujishika magoti, akamshika Dorotea mkono mmoja, Hellen akamshika wa pili, wakampeleka kivulini.